Mtu wa Kona ya Kushoto

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la bwawa Jumatatu asubuhi, na kufikia Jumanne mchana nyumba ya vyumba vitatu aliyokaa Mzee Ndoo na binti yake na mkwe wake ilikuwa haikaliki. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Ukuta wa bwawa unawekewa uzio. Watakaoruhusiwa kuendelea kuvua ni wale tu waliokuwa wakivua pale kabla ukarabati wa ukuta haujaanza, miaka mitatu iliyopita, na kila mmoja alete uthibitisho: risiti, barua au picha. Mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Jumatatu jioni likaongezwa neno kwa kalamu: mashahidi wa mdomo hawapokelewi, kwa sababu siku ya kwanza tu walifika watu arobaini na kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake.

Mzee Ndoo alisomewa tangazo hilo akacheka. Watu walimwita hivyo kwa ajili ya ndoo ya njano, iliyowahi kuwa na rangi ya kupakia nyumba, aliyokuwa akiikalia pale ukutani siku sita kwa wiki tangu alipostaafu utarishi. Miaka tisa sasa. Risiti hana, nani alishamkatia mtu risiti ya kukaa juu ya ndoo? Barua hana. Lakini picha! Binti yake aliolewa na mpigapicha, na si mpigapicha wa harusi tu. Mkwe wake alijulikana kwa picha za wavuvi. Zilitoka kwenye kalenda, zilining'inia kwenye kuta za hoteli, moja ilikuwa juu ya jalada la daftari la shule. Na kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka sita, wawili hao walitoka pamoja kwenda bwawani, mmoja na mshipi wake, mwingine na kamera yake.

"Wahangaike wengine," Mzee alimwambia binti yake. "Mimi nina mkwe."

Binti, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko pale pale sebuleni, alilifikisha neno hilo wakati wa chakula cha mchana. Mumewe aliliacha tonge sahanini. Alikunywa maji glasi nzima, akasema atatafuta.

Alitafuta Jumanne. Alitafuta Jumatano. Alikaa mbele ya kompyuta amewapa watu mgongo, na kila mkewe alipopita na kitambaa begani alimkuta anafungua picha na kuifunga, anafungua na kuifunga.

"Umepata?"

"Bado natafuta."

"Hivi unatafuta mtu au unatafuta sindano? Miaka sita, kila Jumamosi. Mimi mwenyewe sijawahi kwenda huko na najua anapokaa. Kona ya kushoto, karibu na ngazi."

"Nimesema natafuta, mwenzangu. Usinisukume."

Mzee Ndoo, kwenye kochi, aliongeza sauti ya redio kidogo ili asionekane anasikiliza.

*

Mpigapicha alikuwa hatafuti kitu. Alijua vizuri kabisa kwamba hakuna cha kutafuta, na kama kuna jambo linaloudhi kuliko mtu asiyejua, ni mtu anayejua halafu anajifanya hamnazo.

Ukimuuliza, angekueleza kwamba picha ya uvuvi inataka vitu vitatu tu: mtu mmoja, fimbo moja, na maji mengi. Mtu asikae katikati. Mstari wa maji usimkate shingo. Fimbo ielekee kule kunakotoka mwanga, ili jicho la mtazamaji lipate njia ya kupita. Hayo yote ni kweli na aliyajua vizuri. Alikuwa radhi kulala kifudifudi kwenye umande nusu saa akisubiri mvuvi ainue mkono. Tatizo ni kwamba popote alipolala, kona ya kushoto palikuwa na baba mkwe wake. Mgongo umepinda, kofia imeshuka hadi masikioni, makalio juu ya ndoo ya njano. Kwa mbali alionekana kama gunia lililosahauliwa na wajenzi.

Kumwambia baba mkwe asogee hawezi. Adabu haimruhusu. Basi alipiga picha naye ndani, akirudi nyumbani anamfuta. Kazi yenyewe si kubwa: unachukua mawe ya ukuta ya pembeni, unayapaka juu ya kofia, juu ya mgongo, juu ya ndoo, taratibu, mpaka ukuta unaungana kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu. Dakika kumi. Alishazoea hadi akawa anaanza na hilo kabla ya kugusa mwanga. Na kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imejaa pomoni, alihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani. Kadi za kamera alizifuta ili azitumie tena Jumamosi inayofuata.

Miaka sita. Picha elfu mbili na kitu za bwawa lile, na Mzee Ndoo hayumo hata katika moja. Paka wa mlinzi yumo mara kumi na nne.

Jumatano jioni mkewe alizima cherehani, akavuta stuli, akaketi nyuma yake.

"Fungua yoyote."

Akafungua.

"Hapo ndipo anapokaa baba. Yuko wapi?"

"Siku hiyo labda hakuwepo."

"Nyingine."

Akafungua nyingine. Kisha nyingine. Ya nne ilikuwa ya Jumamosi moja mkewe aliyoikumbuka, kwa sababu siku hiyo walirudi wote wawili wameloa chapachapa na baba yake akashikwa na kifua wiki mbili. Kwenye picha kulikuwa na mawingu mazuri sana, mama mmoja na mshipi wake, na ukuta mtupu.

Mshonaji aliutazama ule ukuta. Kazi ya kushona imempa jicho la kujua kiraka hata kikishonwa na fundi.

"Haya mawe matatu," alisema, "ni yale yale matatu ya hapa pembeni. Mpaka ufa wake ni ule ule."



"Umemfuta baba yangu."

"Nisikilize kwanza. Ni mpangilio. Jicho la mtazamaji..."

"Jicho la mtazamaji!" Alisema kwa sauti ya chini, maana mzee alikuwa chumba cha pili, na ule upole ndio ulioogopesha zaidi. "Sasa nisikilize wewe. Yule mzee akikosa ule ukuta, atakaa kwenye lile kochi kuanzia asubuhi hadi jioni mpaka afe. Umemwona tangu Jumatatu. Hali vizuri, anaongea na redio. Pale bwawani ndipo penye watu wake. Ulimtoa, mrudishe."

"Siwezi kumrudisha, picha za asili sina tena."

"Si ulimtoa kwa kompyuta? Kompyuta hiyo hiyo imrudishe."

*

Alhamisi mchana, uani, katikati ya nguo zilizoanikwa, Mzee Ndoo aliketishwa juu ya ndoo yake na kukabidhiwa fimbo ya kuvulia. Mbele yake palikuwa na shuka la maua na mlango wa choo.

"Tazama majini, baba," alisema mpigapicha.

"Maji yapi?"

"Jifanye yapo."

"Mimi naona shuka."

"Inamisha kidogo kichwa. Hapana, si sana. Mkono wa kulia juu. Baba, ule unaovulia."

"Navulia huu."

"Basi huo. Inua. Usinitazame mimi."

Alipiga ishirini na mbili. Katika zote mzee alikaa wima, amekaza shingo, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Jua lilikuwa utosini ilhali picha za bwawani zote zilikuwa za asubuhi. Mpigapicha alijua ni takataka. Alirudi ndani hata hivyo, akamkata baba mkwe wake kutoka kwenye nguo za uani, akambandika juu ya ukuta wa bwawa. Akampunguza. Akamgeuza. Akamtia ukungu. Kila alivyomfanya, mzee alionekana kama aliyedondoshwa pale na ndege.

Saa kumi mzee mwenyewe aliingia bila kubisha, kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma ya kiti. Mpigapicha hakuwahi kuifunga ile picha.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

"Hapo mbona sijawahi kukaa? Hapo pana jiwe kali, hakuna anayekaa hapo. Na jua liko kule, kivuli changu kiko huku." Akapuliza chai. "Karani wa bwawa si mtoto. Sasa, mwanangu, kwa nini unitafutie mahali, na mimi mahali ninapo?"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni. Mpigapicha alimtazama akitaka msaada, akakuta uso umefungwa. Basi akasema. Alisema vibaya, akizungukazunguka, akaleta habari za mwanga na wateja na mstari wa maji, lakini hatimaye neno lenyewe likatoka: alikuwa anamfuta.

"Mara ngapi?"

"Mara... kila mara, baba."

Mzee Ndoo alitafuta pa kuweka kikombe. Meza ilijaa nyaya, akakishikilia.

"Lile shati jeupe," alisema, si kwa mkwe, kwa binti yake. "Unalijua. La Jumamosi."

Mshonaji alilijua. Kila Ijumaa jioni kwa miaka sita baba yake alimletea shati jeupe la mikono mirefu alipigie pasi, na yeye alilipiga akinung'unika kwamba hakuna mtu anayekwenda kuvua samaki na shati la kanisani. Mzee hajawahi kumjibu. Sasa ndipo alipoelewa, na machozi yakamtoka hapo hapo. Baba yake alikuwa anavaa kwa ajili ya picha.

"Nilidhani unazo," Mzee alimwambia mkwe wake. "Sikutaka kukuomba unionyeshe, nikaona nitakusumbua. Nilidhani unazo tu."

Akatoka na chai yake.

*

 Asubuhi ya Ijumaa Mzee Ndoo aliamka akaiondoa ukutani kalenda ya zamani ya sebuleni, ile iliyokuwa imening'inia miaka minne juu ya cherehani, imefunguliwa mwezi wa kwanza hadi leo, kwa sababu picha ya mwezi huo ndiyo iliyompa mpigapicha jina. Ilimwonyesha kinyozi wa mtaa wa nyuma akirusha mshipi, shingo ndefu, mgongo umenyooka, maji yametulia kama yamepigwa pasi. Kinyozi huyo alivua mara tatu katika maisha yake. Jumanne alikwenda ofisini na kalenda yake mwenyewe, akapewa kitambulisho siku hiyo hiyo. Tangu hapo alikuwa anawaambia wateja kwamba huenda akaanza kuvua.

Mzee aliiweka kalenda mezani, akavaa miwani, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaigeuza juu chini.

"Njooni hapa," aliita.

Chini kabisa, kona ya kushoto, majini, palikuwa na doa la njano, na chini ya doa hilo weupe, na chini ya weupe kitu cheusi. Ukiitazama kalenda kawaida huoni kitu ila rangi. Ukiigeuza, unamwona mtu. Amekaa juu ya ndoo. Kofia imeshuka masikioni, mgongo umepinda, mshipi mkononi. Shati jeupe.

"Hiyo ndoo yangu," alisema Mzee.

Mpigapicha akaisogelea kalenda. Alikuwa amemfuta pale ukutani, akakiacha kivuli chake majini. Na si kwa kusahau, hilo ndilo baya zaidi. Aliliona lile doa la njano siku ile ya kwanza, akalipenda. Mchapishaji wa kalenda naye alilipenda, akasema linaipasha picha joto. Kwa miaka minne aliitazama rangi ile kila akinywa chai, na haikumjia hata siku moja kwamba rangi ile ina kofia.

"Nipigie shati pasi," Mzee alimwambia binti yake.

Alilipiga, kola mara mbili. Wanaume walipokuwa wanatoka, alimshika mumewe mkono pale mlangoni.

"Ukifika kule ukianza habari za mpangilio, usirudi."

*

Foleni ilikuwa ndefu. Walifika kwenye dirisha la ofisi ya bwawa saa nane na robo. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, na alikuwa ameshachoka na kila mtu tangu Jumatatu.

"Picha hii ninayo," alisema, akairudisha kalenda. "Ya kinyozi. Nimeshampa. Nyinyi mnadhani sisi vipofu?"

"Igeuze, mwanangu," alisema Mzee Ndoo.

"Niigeuze nini?"

"Juu chini."

Akaigeuza kwa kuvuta pumzi ndefu. Kisha akaisogeza karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Na huku juu uko wapi?"

 Mzee alimtazama mkwe wake, na karani naye akamtazama, na watu watatu wa mbele kwenye foleni wakasogea.

"Nilimfuta," alisema mpigapicha. "Mimi ndiye niliyepiga. Nilimtoa kwenye kompyuta."

"Ukaacha nusu yake ya majini?"

"Rangi ilikuwa nzuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatisha kwa kukohoa. Karani alifungua droo akatoa karatasi.

"Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na saba," alisema, "sijaletewa ushahidi wa mtu kichwa chini. Andika maelezo. Kwamba mtu huyu alikuwepo, kwamba wewe ulimtoa, na sababu. Bila sababu mkubwa wangu hatii sahihi."

Mpigapicha aliandika amesimama, karatasi juu ya ukuta. Karani akasoma, midomo ikicheza.

"'Kwa ajili ya mpangilio wa picha.' Mpangilio ndiyo nini? Andika kitu mtu akisoma aelewe. Alikuwa anafanya nini huyu mzee mpaka umtoe?"

"Alikuwa hafanyi kitu. Alikuwa amekaa."

"Sasa?"

 Alimkumbuka mkewe pale mlangoni. Akasema polepole, akitazama kalamu, "Alikuwa anaharibu picha."

"Haya. Andika hivyo."

Akaandika hivyo. Karani alilisoma tamko zima kwa sauti, maana ndivyo utaratibu unavyotaka, na kwa kuwa nyuma palikuwa na kelele alipandisha sauti ili asikike: kwamba mimi mpigapicha nathibitisha kuwa baba mkwe wangu alikuwa akivua katika bwawa hili kila Jumamosi, na nilimtoa katika picha zangu zote kwa sababu alikuwa anaharibu picha. Hakukuwa na kelele tena. Kisha akalisukuma mbele ya Mzee Ndoo.

"Na wewe tia sahihi hapa, mzee, kwamba umesomewa na unakubaliana na maelezo."

Mpigapicha alifungua mdomo. "Mama, hiyo ya kukubaliana, haiwezi kuwa..."

"Ndivyo fomu ilivyo. Mimi sikuichapa."

Mzee aliishika kalamu. Aliitazama ile karatasi kama anayeisoma, ingawa miwani ilikuwa mfukoni. Akaandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko wa mtu aliyepeleka barua za ofisi miaka thelathini bila kuandikiwa hata moja. Mhuri ukagongwa. Karani akaingia ndani na karatasi, akatoka na sahihi ya mkubwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Hongera, baba. Sasa niletee picha ndogo mbili za kubandika kwenye kitambulisho. Kimbieni, saa tisa nafunga."

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Mpigapicha alishaanza kufungua begi lake. Roho ilikuwa imemtulia, alikaribia kucheka.

"Baba, simama hapo kwenye ukuta mweupe. Sekunde moja tu. Pale pembeni kuna duka la kuchapisha, dakika kumi tunakuwa nazo. Nitakupiga vizuri, baba. Nitakupiga vizuri sana."

Mzee Ndoo alikuwa anafunga kifungo cha juu cha shati.

"Hapana, mwanangu," alisema, bila ukali wowote. "Ng'ambo pale nimeona studio."

Akamkabidhi ndoo ya njano, ambayo alikuwa ameibeba tangu nyumbani iwapo karani angetaka kuiona, akavuka barabara. Mpigapicha akamfuata hadi mlangoni. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kiti kimoja na pazia la buluu. Kijana wa studio hakuwa na habari na mstari wa maji wala jicho la mtazamaji. Alimketisha mzee katikati kabisa ya pazia, akamwinua kidevu kwa kidole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Usisogee, mzee."

Mzee Ndoo hakusogea. Nje, kamera shingoni, mkwe wake alisimama na ile ndoo mkononi, na mpita njia mmoja akamwomba apishe kidogo, amezuia mlango.